Fundi Yai na Chupa ya Mkwe

Ukitaka kumjua Fundi Yai, nenda dirishani kwake saa moja na nusu asubuhi, gonga, kisha subiri kujibiwa. Hutajibiwa. Utamwona mama mnene wa miaka hamsini na tisa, kitambaa cheupe kichwani, kainamia bakuli lililokalishwa juu ya taulo iliyolowa ili lisiteleze. Mkono wa kulia unazungusha mwiko, wa kushoto unadondosha mafuta tone kwa tone. Macho yatakuonyesha kwamba amekuona. Mdomo utabaki umefungwa. Hata kama umekuja kumwambia jengo linaungua, macho yale yatakujibu kwamba moto usubiri, mafuta hayajaisha kuingia.

Hiyo ndiyo sheria ya jiko lile. Mafuta yakianza kukutana na kiini cha yai, hakuna anayesema, maana mkono ukishtuka mafuta yanamwagika kwa wingi na mayonezi inakatika, mafuta yakajitenga na yai. Mwanawe, fundi wa lifti, siku aliyokuja kuleta habari kwamba amepata mchumba, alisimama mlangoni dakika ishirini na mbili akitabasamu mpaka tabasamu likachoka. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, aliwahi kubanwa kidole na mlango wa friji asubuhi moja. Akavumilia kimya, jasho likimtoka, mpaka tone la mwisho lilipoingia, ndipo akaomba ruhusa ya kulia.

Dirisha lenyewe lilikuwa chini ya jengo la ghorofa nne, kati ya ngazi na chumba cha kutoa fotokopi. Juu kulikuwa na daktari wa meno, mawakili wawili wasiosalimiana, na ofisi ya wapimaji wa ardhi. Wote hao, hata wale wasiosalimiana, walikula kutoka bakuli moja. Fundi Yai alitengeneza sandwichi za aina tatu tu: ya kuku, ya yai, na ya tango na jibini. Mkate aliukata pembe kwa pembe, tango akalimenya, kila moja akaifunga kwa karatasi nyeupe. Wateja walimwita Shangazi. Jina la Fundi Yai lilianza kama utani wa mmoja wa wale mawakili, likamganda, naye akalipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Usimwulize, kama una haraka, tofauti ya mayonezi na krimu ya saladi. Alikuwa na hotuba. Mayonezi, alisema, ni viini vya mayai, mafuta, siki kidogo na chumvi, basi. Haijui moto, haijui unga. Ukisimamisha kijiko ndani yake kinasimama wima. Ukiipaka juu ya kuku inatulia, inamwachia kuku aongee. Krimu ya saladi ni habari nyingine kabisa. Hiyo imepikwa, imetiwa unga ili ijifanye nzito, mafuta yake machache, siki tele, haradali, halafu sukari ya kuomba radhi kwa ile siki. Ni nyepesi, ina rangi ya manjano iliyokata tamaa, na humtiririkia mlaji mpaka kwenye kiwiko. Kisha kuna ile ya tatu inayouzwa kwenye chupa za mdomo mpana, nyeupe pe kama mayonezi lakini ina utamu na uchachu wa krimu. Hiyo, alisema Fundi Yai, ni mtoto asiyejulikana ni wa nani: mayonezi akiulizwa anakana, krimu akiulizwa anatazama pembeni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndiyo maana krimu inatangazwa redioni kila saa na mayonezi yake haijawahi kutangazwa hata mara moja.

Msimcheke. Mtu mmoja ana shamba, mwingine ana cheo, mwingine ana watoto wanane waliosoma. Yeye alikuwa na bakuli. Kwa miaka kumi na tisa watu walishuka ngazi kwa sababu ya kilichomo ndani yake, na kila aliposikia viatu vyao vikishuka alijua kwamba yupo duniani na kwamba anahitajika.

Sasa mwanawe akaoa. Mkwe alikuwa msichana mpole aliyekuwa akiuza miwani kabla duka lao halijafungwa. Alihamia nyumbani na masanduku mawili, pasi, na chupa ya krimu ya saladi. Ndiyo, krimu. Kwao waliila na kila kitu, na siku ya kwanza mezani aliimimina juu ya viazi vya kuchemsha bila kujua yuko nyumba gani. Fundi Yai aliitazama ile chupa, akamtazama mwanawe, akaitazama tena chupa, na mwanawe akainama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Tangu siku hiyo chupa ilikaa nyuma kabisa ya friji, imefichwa na maziwa, na mkwe alikuwa akiitoa mama mkwe akiwa bafuni.

Yote haya yangeendelea kwa amani isingekuwa bega. Bega la kulia lilianza kuuma mwanzoni mwa mwaka, akalipaka dawa, likauma zaidi, mpaka asubuhi moja mwiko ukamponyoka. Daktari alimwuliza anafanya kazi gani. Akajibu kwamba anapiga mayai. Daktari akauliza mayai yamemkosea nini. Fundi Yai hakucheka, kwa kuwa alikuwa ameshaambiwa neno alilokuwa akiliogopa: wiki tatu bila kazi ya mkono huo, na baada ya hapo tuone.

Hapakuwa na mtu mwingine wa kushika dirisha ila mkwe. Kwa asubuhi mbili mama alikaa kwenye kiti akimwelekeza kwa macho, kwa kidevu, na mara moja kwa mguu. Jioni ya siku ya pili akampa masharti. Mkate pembe kwa pembe, tango limenywe, bakuli lisioshwe kwa sabuni yenye harufu. La mwisho alilisema akiwa amesimama.

"Hata tone la ile chupa yako lisifike dirishani kwangu."

"Halitafika, Mama," akasema mkwe.

Siku za kwanza Fundi Yai alikaa nyumbani akijifanya amepumzika. Alipanga vikombe kwa ukubwa, akavipanga kwa rangi, akavirudisha kwa ukubwa. Siku ya tano alikwenda dukani kununua chumvi asiyoihitaji, akakutana na karani wa wakili wa ghorofa ya pili. Karani akamsalimu kwa furaha, akamuulizia bega, akasema wamemkumbuka sana. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaongeza kwamba siku hizi sandwichi zina mchangamko fulani.

Neno hilo lilimfuata mpaka nyumbani na kulala naye. Mchangamko! Kwa miaka kumi na tisa alisifiwa kwa utamu, kwa usafi, kwa kushibisha, lakini mchangamko hakuwahi kuusikia. Mayonezi haichangamki, mayonezi inatulia. Kinachochangamka ni siki na sukari, na siki na sukari zinakaa kwenye chupa moja tu anayoijua.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi saa, mtu mwembamba asiyeoa, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara kutoka dirishani. Kila mchana alikuja kula nyumbani kwa dada yake, akiingia kwa mlango wa jikoni bila kugonga, kwani friji ya dada ni friji yake. Huyu ndiye Fundi Yai aliyemwamini kuliko wote. Kwa miaka tisa, kila Ijumaa, alikuwa amembebesha vifurushi ishirini vya kupeleka kwenye mkutano wa wapimaji waliohamishia nusu ya ofisi mtaa wa pili. Ishirini vilitoka, ishirini vilifika, hata pembe moja haikuwahi kumegwa. Fundi Yai alipenda kuwaambia watu kwamba uaminifu ule haununuliki.

Basi akamtuma. Kila siku saa sita na nusu apite dirishani, anunue sandwichi moja ya tango na jibini kama mteja mwingine yeyote, amletee nyumbani, na asimwambie mtu. Fundi saa akasema, dada, hilo ni jambo dogo.

Siku ya kwanza alichelewa kidogo. Fundi Yai alikuwa amepitiwa na usingizi sebuleni, akaamshwa na kishindo jikoni, kisha mdogo wake akatokea mlangoni na sahani, sandwichi juu yake, karatasi ikiwa imekunjwa pembeni. Akaonja. Hakuhitaji kutafuna. Siki ilimpiga kwenye taya, haradali ikapanda puani, sukari ikaja nyuma kuomba msamaha. Ilikuwa krimu ya saladi, krimu tupu, bila hata haya. Aliinuka akaenda kwenye friji, akasogeza maziwa. Chupa haikuwepo.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu vilevile. Mdogo wake alikaa kumtazama akionja, akiwa kimya kuliko kawaida yake, na Fundi Yai alidhani ni huruma. Usiku wa siku ya tatu hakula. Alimsikiliza mkwe akiosha vyombo na kuimba chini kwa chini, akajiambia kwamba hivi ndivyo mtu anavyofutwa akiwa hai. Hakuna anayekufukuza. Wanakubadilisha kijiko kwa kijiko, na watu wanasema kuna mchangamko.

Asubuhi ya nne aliifunga nusu ya sandwichi ya jana ndani ya mfuko, akavaa viatu vya kutokea, akaenda. Alipofungua mlango wa nyuma wa jiko la dirishani, mkwe alikuwa amesimama mbele ya bakuli, kitambaa kichwani, taulo iliyolowa mahali pake, mafuta yakidondoka. Chupa ya mafuta ilikuwa imefika nusu. Alikuwa peke yake, hapakuwa na mtu wa kumsikia, na hata hivyo midomo yake ilikuwa imefungwa vizuri kabisa. Aliinua macho, akamwona mama mkwe, akasalimu kwa kope.

Fundi Yai aliijua sheria, yeye ndiye aliyeitunga. Alisimama, akahesabu matone, akafika kumi na nne. Hasira haikuweza kusubiri la kumi na tano.

"Nilikuamini nikakukabidhi bakuli langu, nawe ukalijibu kwa chupa."

Mkono wa mkwe ukaruka. Mafuta yakashuka kwa mkupuo, mwiko ukazunguka mara mbili bila kujua unazungusha nini, na ile mayonezi ikakatika hapohapo: chembechembe za manjano zikielea ndani ya dimbwi la mafuta. Wote wawili waliitazama. Haikuwahi kutokea pale dirishani, na aliyeifanya itokee ni mwenye dirisha.

Mkwe aliuweka mwiko chini polepole. Fundi Yai akatoa ushahidi wake, akauweka juu ya meza, akaeleza kwa maneno mengi kwamba ameonja kwa siku tatu, kwamba ulimi wake haujawahi kumdanganya, na kwamba chupa imetoweka kwenye friji. Mkwe aliifungua ile nusu ya sandwichi, akaigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili. Alikuwa na mazoea ya kutazama vitu kwa karibu, labda kwa ajili ya zile miwani.

"Mama, mkate huu umekatwa katikati. Mimi nakata pembe kwa pembe. Na hili tango lina maganda."

Fundi Yai akatazama. Ilikuwa kweli. Tena mkate haukuwa hata ule wa dirishani, ulikuwa ule mwembamba wa duka la karibu na nyumbani. Kwa siku tatu alikuwa ameonja kitu kimoja alichokuja kukitafuta, na mkate, tango na macho yake mwenyewe vilipita bila kuulizwa.

Fundi saa aliitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuja na lenzi yake bado iko kwenye jicho moja, akaiona sandwichi juu ya meza, akaitoa lenzi ili asiione vizuri. Hakukana, lazima tumpe haki yake. Alieleza kwamba siku ya kwanza alinunua sandwichi kama alivyoagizwa, akaanza safari ya kwenda nyumbani, na njiani akaonja pembe moja tu, kuhakikisha haijaharibika. Alipofika kwenye kona akakuta ana karatasi tupu mkononi. Kwa woga akanunua mkate, akaingia kwa mlango wa jikoni, akatengeneza yake kwa kilichokuwemo ndani ya friji, na chupa akaificha chini ya shati aende nayo kibandani, akijua kesho yake itahitajika.

"Kwa hiyo kesho yake ulipanga kabisa kuila," akasema dada.

"Kesho yake nilipanga kujizuia. Lakini mwenye njaa hana miiko, dada."

Mkwe aligeuka upande wa ukuta, mabega yakimtikisika, na haikujulikana analia au anacheka. Fundi Yai hakumwangalia. Kuna kitu kilikuwa kimemfikia taratibu.

"Na zangu? Miaka tisa umebeba vifurushi vyangu ishirini kila Ijumaa. Mbona vilikuwa vinafika?"

Fundi saa aliitazama saa ya mkononi mwake. Akaitazama ya ukutani. Saa zote mbili zilikwenda sawasawa, na hakuna iliyomsaidia. Akairudisha lenzi jichoni, akasema kuna mteja anamsubiri, akavuka barabara bila kuangalia magari.

Iliuma. Sitasema haikuuma. Fundi Yai alikalia ndoo ya mafuta iliyofunikwa, mikono juu ya mapaja, akionekana mdogo kuliko bakuli lake. Angeweza kuvumilia kuibiwa na krimu, maana adui yule anamjua. Kushindwa na mayonezi ndani ya bakuli lake mwenyewe kulikuwa jambo jingine.

Kisha akaomba mayonezi ya jana. Mkwe alisita, akafungua friji, akatoa kibakuli kilichobaki na kijiko. Fundi Yai akaonja akiwa amefumba macho. Ilikuwa mayonezi, hilo halikuwa na ubishi, nzito na yenye kutulia kama anavyotaka. Lakini pembeni mwa ulimi palikuwa na uchachu uliokaa macho, nyuma yake haradali kidogo, na mwishoni kabisa utamu mdogo sana ambao ulikuwa umeondoka kabla hujaugundua. Akachukua kijiko cha pili. Cha tatu alijizuia, na kujizuia kwenyewe kulimchosha.

"Umetia nini?"

"Siki vijiko viwili badala ya kimoja. Haradali kwa ncha ya kijiko. Na sukari chembe chache." Mkwe alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Kutoka kwenye chupa sikutia hata tone, Mama, kama nilivyokuahidi. Hii ni ladha ya kwetu tu, nilitaka ikutane na ya kwako. Kila jioni nilikuwa najiandaa kukuuliza kama nimekosea, halafu naogopa."

Fundi Yai aliyafikiria hayo maneno, naogopa. Aliwafikiria watu wote waliosimama kwenye mlango ule kwa miaka kumi na tisa wakiwa na jambo la kusema, tabasamu zikiwakauka. Alikuwa akidhani wanaheshimu mayonezi.

"Wewe hukukosea, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekukosea. Nisamehe."

Mkwe akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa pembe ya kitambaa. Nje viatu vilikuwa vimeanza kushuka ngazi. Mbele yao kulikuwa na bakuli la mafuta na chembechembe, na kila mtu anajua kwamba mayonezi iliyokatika haitupwi: unachukua kiini kipya, unaipiga ile iliyoharibika ndani yake kidogo kidogo, nayo inasahau yaliyopita. Mkwe akaimimina ile iliyokatika ndani ya jagi, akapasua yai bakulini. Akaushika mwiko. Alipotaka kuchukua na jagi la ile iliyokatika, alikuta mkono wa kushoto wa mama mkwe umeshalichukua. Bega la kushoto halikuwa na tatizo lolote, na mkono ule ulikuwa na miaka kumi na tisa ya kudondosha.

Wakafanya kazi. Mtu akagonga dirishani, hakujibiwa. Akagonga tena. Katika ukimya ule Fundi Yai aliutazama mwiko ukizunguka mikononi mwa mtu mwingine, akasikitika hasa, kisha akaona jinsi yai linavyoanza kushika, akasahau kusikitika. Tone la mwisho lilipoingia, mkwe alitia siki, akamtazama. Fundi Yai akasukuma kibakuli cha sukari kuelekea upande wake.

Akafungua dirisha mwenyewe. Foleni ilikuwa imefika kwenye fotokopi, na wa kwanza alikuwa yule karani wa wakili. Alifurahi sana kumwona. Akamkaribisha Shangazi kazini, akauliza bega linaendeleaje, kisha akainama akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za mgonjwa, iwapo leo mayonezi itakuwa na ule mchangamko au ndiyo wamerudi kwenye ile ya zamani.

Fundi Yai alishika ukingo wa dirisha. Hakuna aliyemsaidia, na maneno yenyewe yalikuwa mazito.

"Muulize mwenye bakuli," akasema, akasogea pembeni ili mkwe aonekane.

Daktari wa meno, aliyekuwa wa tano kwenye foleni, akauliza Shangazi amesemaje. Fundi Yai akavuta pumzi, akalisema tena, safari hii kwa sauti ya kufika mpaka kwenye ngazi.